Nchi Iliyochaguliwa kwa Saa

Katika nyumba ile hakuna jambo lililofanyika bila mazoezi. Mama wa nyumba alikuwa msimamizi wa jukwaa katika ukumbi wa michezo ya kuigiza, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia mifupani. Kule ukumbini, yeye ndiye aliyeamua taa iwake lini, pazia lifunguke lini, na jambazi wa mchezo aingie kwa mlango upi. Nyumbani aliendelea vivyo hivyo. Kabla binti yake hajaanza shule, familia nzima ilifanya mazoezi ya kwenda shule: mkoba mgongoni, viatu miguuni, kuagana mlangoni bila machozi. Kabla mtoto wa pili hajapelekwa kudungwa sindano, mwanasesere wake alidungwa kwanza, tena mara kadhaa, na akavumilia vizuri.

Watoto walikuwa hao wawili tu. Kifungua mimba, binti wa miaka saba, aliitwa Wakili, kwa sababu hakuliacha neno lipite bila kulihoji. Kitinda mimba, mvulana wa miaka minne, aliitwa Kitinda. Huyu hakuhoji neno lolote. Alitenda kwanza, maswali akawaachia wengine. Baba yao alikuwa mwokaji mikate.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Mwokaji huamka wakati watu wengine ndio kwanza wanageuza mto upande wa baridi. Baba huyu alitoka nyumbani usiku wa manane, akakanda, akaoka, akauza, akasugua mashine, akaandaa hamira ya kesho. Duka halikuwa na Jumapili. Jumapili ndiyo siku ambayo watu hula mkate zaidi. Watoto walipokuwa wakivua viatu vya shule, yeye alikuwa akivuta shuka. Walimjua kama mlima mdogo uliojifunika gubigubi, wenye nyayo mbili upande mmoja na mkoromo upande wa pili.

Kitinda alikuwa na desturi yake. Kila alasiri alinyata hadi kitandani, akaliinua kope la baba yake kwa kidole, akachungulia.

"Baba, umo ndani?"

Siku nyingine sauti ilijibu kutoka mbali, "Nimo, mwanangu, kesho." Siku nyingi haikujibu kitu. Kitinda alilishusha kope taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa jirani asiyekuwepo, akaenda zake kucheza.

Siku moja mwalimu wa chekechea alimsubiri mama langoni. Alikuwa akijizuia kucheka, na hakufaulu.

"Mama Wakili, leo tulizungumza juu ya kazi za wazazi. Nilimuuliza mwanao baba yake anafanya kazi gani. Akaniambia, 'Analala.'"

"Mwalimu wee!"

"Ngoja. Nikamuuliza, 'Kulala tu?' Akasema, 'Ndiyo, lakini ni fundi sana.'"

Mama alicheka pale langoni hadi akashika nguzo. Alicheka pia njiani. Alipofika nyumbani na kuuona ule mlima umelala kimya, kicheko kilikatika. Aliketi ukingoni mwa kitanda akawaza. Watoto hukua upesi. Wakili alikuwa ameanza kusoma vitabu vyake mwenyewe. Kitinda hatabaki na kimo cha kufika kitandani tu. Wakiendelea hivi, watakuwa watu wazima wanaokumbuka nyayo za baba yao tu.

Basi mwenye duka alipotangaza kwamba kiangazi kile tanuri lingevunjwa na kujengwa upya, na kwamba duka lingefungwa katikati ya likizo ya shule, mama hakungoja kushauriwa. Wangesafiri, tena nje ya nchi, mbali na harufu ya hamira. Mahali popote pangefaa kwa sharti moja: watoto wampate baba aliye macho.

Wa kwanza kupata habari alikuwa wifi yake, dada wa mwokaji, ambaye alifanya kazi katika ofisi ya wakala wa safari. Alifika jioni hiyo hiyo na mfuko wa vijitabu vya rangi, akaumwaga mezani.

"Wifi, nimekuletea dunia. Chagua."

"Nataka mahali ambapo kaka yako hatalala mchana."

"Hebu! Hapo umeniomba muujiza, hukuniomba tiketi. Huyu alilala siku ya harusi yenu, umesahau?"

"Hakulala. Alifumba macho kwa furaha."

"Na kukoroma nako kulikuwa kwa furaha?"

Kutoka chumbani mkoromo ulisikika, ukathibitisha upande wa wifi. Mama alifunga mlango wa chumba.

"Mwaka juzi tulikwenda kwa mama yangu," alisema. "Nilidhani akiwa hana kazi atalala usiku kama sisi. Akaamka saa yake ile ile, akazunguka nyumba nzima gizani, mwisho akaukanda unga wote wa mama. Tulipoamka tulikuta mikate imejaa kila mahali, hata juu ya redio. Kufika adhuhuri alikuwa amekwisha kuzimika. Mwili wake haujui likizo, wifi."

"Basi mpeleke mahali penye vishindo. Mahali ambapo hata maiti ingekaa ikatazama." Wifi alichambua vijitabu kwa kidole cha mtu aliyezoea kuuza. "Chukua hii, pwani yenye mitelezo ya kuingilia majini. Au hii, milima, mnapanda na kushuka siku nzima. Au jiji kubwa, makumbusho, magari, kelele, watu wanagombana hadharani. Hapo atakuwa macho atake asitake."

"Nitayajaribu yote," alisema mama.

"Utayajaribu vipi kabla ya kwenda?"

Wakili aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu chake. "Shangazi, wewe ni mgeni katika nyumba hii?"

Mazoezi ya pwani yalifanyika Jumapili iliyofuata, baada ya mwokaji kurudi kutoka kazini. Mama alitandika turubai uani, akamwaga juu yake mchanga aliopewa na fundi anayejenga jirani, akajaza beseni kubwa maji. Kutoka ukumbini alikuwa ameazima mwavuli wa mchezo fulani wa kuchekesha, na mashine ndogo inayotoa sauti ya mawimbi. Watoto walivaa nguo za kuogelea. Mwokaji alivaa kofia pana na tabasamu la mtu anayependa familia yake.

"Niketi wapi?" aliuliza.

"Hapo, kwenye mchanga. Watoto watakufukia miguu. Halafu utanyanyuka kwa kishindo, uwakimbize hadi kwenye maji."

"Nimeelewa."

Watoto walimfukia miguu. Wakamfukia na magoti. Mashine ilitoa mawimbi, moja baada ya jingine, polepole. Kishindo hakikuja. Walipomfikia kiunoni, Wakili alisimama akajipangusa mikono.

"Mama, pwani imemmaliza baba."

Jumapili ya pili ilikuwa zamu ya milima. Jengo lao lilikuwa na ngazi nyingi na lifti iliyokuwa mgonjwa wa kudumu, kwa hiyo mlima ulikuwepo tayari. Walipanda na mikoba mgongoni, wakiimba. Mama aliongoza, watoto katikati, baba mkiani. Wimbo ulipungua sauti moja bila mtu kuona. Walipofika juu walikuwa watatu. Jirani wa ghorofa ya kati, mama mmoja mwenye ulimi mwepesi, aliwapigia kelele kutoka chini.

"Mama Wakili! Kuna mzigo wako hapa mlangoni kwangu. Unapumua."

Jumapili ya tatu sebule iligeuka makumbusho. Mama alitundika picha ukutani, akaweka kamba nyekundu kwenye nguzo za shaba alizoazima ukumbini, akawataka wote watembee polepole wakiwa wameweka mikono nyuma. Mara hii mwokaji alijitahidi kwa moyo wake wote. Hakuketi, kwani alijua kuketi kungemponza. Aliegemea ukuta kati ya picha mbili, akakunja mikono, akainua kidevu. Kitinda alizitazama picha zote kwa makini, akafika kwake, akasimama.

"Mama, sanamu hii inakoroma."

Wakili alicheka hadi akakalia kamba. Mama naye alicheka, lakini wakati wa kuzishusha picha mikono yake ilikuwa mizito. Mwokaji alizinduka akaiona mikono ile.

"Mama Wakili," alisema kwa upole, "nakuona unavyohangaika. Lakini mimi ni mtu wa usiku. Huwezi kunigeuza. Nendeni popote mnapopapenda, mimi nitawafuata, na nikilala mtanifunika."

"Sitaki kukufunika. Nimekufunika miaka yote."

 Hakuwa amekasirika, alikuwa ameishiwa, kama msimamizi aliyejaribu kila mlango wa jukwaa na mwigizaji bado hatokei.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa wifi kumweleza kwamba milima, pwani na jiji vimeshindwa vyote. Wifi alikuwa na simu sikioni. Alimwashiria kiti. Mama aliketi, akatazama ukuta uliokuwa mbele yake, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama.

Ukutani palikuwa na saa tano zilizopangwa safu moja. Kila saa ilikuwa ya nchi fulani, na kila moja ilisema lake. Ya kwanza ilikuwa ya hapa nyumbani, ikionyesha alasiri. Ya pili ilikuwa imekufa, na mtu alikuwa ametundika ua la plastiki kwenye mkono wake. Ya tatu ilionyesha usiku.

Wifi aliiweka simu chini akasonya. "Hawapokei. Nilisahau, kule ofisi zimefungwa zamani. Sasa hivi wanapiga mswaki, wanakwenda kulala."

"Wapi?"

"Hapo, saa ya tatu."

Mama aliitazama ile saa. Kisha akaitazama ya kwanza. Wakati huu nyumbani mume wake alikuwa akivuta shuka. Na kule, wakati huu huu, kila mtu mwenye akili timamu alikuwa akivuta shuka. Alihesabu kwa vidole mbele, akahesabu tena nyuma, asije akakosea. Usiku wa manane wa mwokaji, ule wa kukurupuka na kuvaa suruali gizani, kwa saa ya tatu ulikuwa asubuhi ya kawaida, jua limechomoza, watu wanatafuta chai.

Kumbe hakukuwa na haja ya kumgeuza. Mara ngapi ukumbini amekuwa na mwigizaji hodari asiyeweza kuwahi, na dawa ikawa kuisogeza saa ya pazia?

"Wifi," alisema akisimama, "tunakwenda huko."

"Huko wapi? Hujauliza hata kuna nini!"

"Kuna nini?"

Wifi alifungua kijitabu, akatafuta kitu cha kusifu. "Kuna ziwa. Kuna nyumba ndogo za kukodi, zina jiko. Kuna bata. Kusema kweli wifi, hakuna la ajabu. Watu huniambia ni pazuri kwa watoto wadogo kwa sababu maji hayana kina na hakuna pa kupotelea."

"Inatosha."

"Wateja wangu huchagua bahari. Huchagua hoteli. Wewe ni wa kwanza kuchagua saa."

"Andika, wifi, kabla sijaamka."

Mwokaji aliposimuliwa mpango huo alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa unga na moto, na mambo ya saa za nchi nyingine aliyaona kama mazingaombwe. "Mwili wangu utadanganywa na saa ya ukutani?" aliuliza. "Mwili huu unajua usiku ni usiku." Lakini alikubali kusafiri, kama ambavyo angekubali kusafiri kwenda chini ya kitanda.

Kikabaki kiporo kimoja, nacho kilikuwa cha watoto. Wao walikuwa watu wa mchana. Mama aliona kwamba wakifika kule bila kuandaliwa, hawataamka hadi jua liwe utosini. Basi siku moja kabla ya siku ya mwisho ya kazi ya mwokaji, alifanya kile alichokifanya siku zote: alianzisha mazoezi. Aliisogeza saa ya jikoni mbele hadi ikalingana na ile ya tatu ofisini kwa wifi. Aliteremsha mapazia mchana kweupe. Aliwaeleza watoto kwamba kuanzia sasa nyumba hii iko ziwani, na ziwani ni usiku. Wakili alipinga kidogo, akadai ushahidi, akaonyeshwa saa. Hata jirani wa ghorofa ya kati aliarifiwa, asije akashangaa. Kila mtu aliyekuwa macho aliambiwa.

Mume wake alikuwa amelala.

Kilichotokea alikisimulia yeye mwenyewe siku iliyofuata, alasiri, akiwa ameketi mezani na miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Watoto walikuwa wamemzunguka. Ilikuwa nadra kumpata katika hali hiyo, wakasogea karibu wasije wakakosa neno.

"Mnajua mimi sijawahi kutumia kengele," alianza. "Mwili wangu ndio kengele. Nimeamka kama kawaida yangu, nimekwenda jikoni kunywa maji, nikainua macho kwenye saa. Saa moja! Saa moja ya asubuhi, na mkate sijakanda hata mmoja! Nikatoka mbio. Na ndala. Na aproni nimeivaa nyuma mbele."

"Hukuona giza?" aliuliza Wakili.

"Nililiona. Nikadhani ni mvua inakuja."

"Na nyota?"

"Mtu aliyechelewa haangalii nyota, Wakili. Nikakimbia mtaa mzima. Mlinzi wa duka la dawa akaruka kwenye kiti chake. 'Mwokaji! Nani anakufukuza?' Nikamwambia nimechelewa. Akaniambia, 'Umechelewaje, na wewe ndiye umeniamsha mimi?'"

Kitinda alicheka kwa sababu dada yake alicheka, kisha akacheka kwa sababu ndala moja ya baba yake ilikuwa imekatika. Mama alikuwa amefunika uso kwa viganja.

"Nisamehe, Baba Wakili. Nimeandaa kila kitu nikakusahau wewe. Nairudisha saa sasa hivi."

"Ngoja kwanza." Mwokaji aliacha kucheka. Alitikisa maji kwa vidole vya miguu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. "Kabla sijashtuka, kuna kitambo kidogo kilipita. Nilikuwa nimesimama pale jikoni, glasi mkononi. Saa inasema ni asubuhi, na mimi nimeshiba usingizi, macho yamefunguka yenyewe. Nikasema moyoni, kumbe watu wengine huamka hivi? Asubuhi imeanza na wao wamo? Halafu ndipo nikakumbuka mkate." Alimtazama mkewe. "Nimekuelewa sasa. Twende kwenye hiyo saa yako."

 Mama alipanda kiti, akairudisha saa ya jikoni mahali pake, akainua mapazia. Nuru ya alasiri iliingia ikakuta familia nzima mezani. Mwokaji alipiga mwayo mrefu, akaomba radhi, akaenda kulala.

"Na mazoezi yetu je?" aliuliza Wakili. "Tutakwendaje bila mazoezi?"

Mama alifikiri. Swali hilo hakuwahi kuulizwa, na hakuwahi kujiuliza.

"Tutaingia jukwaani hivyo hivyo," alisema.

Nyumba ya ziwani ilikuwa ndogo, ya mbao, yenye vyumba viwili na jiko ambalo mlango wake wa kabati ulifunguka wenyewe. Walifika jioni, wakala mkate wa dukani. Mwokaji alisema una chumvi nyingi na haukuumuka vizuri, akala vipande vitatu. Watoto waliruka juu ya kitanda hadi usiku ukaingia sana, kwa sababu miili yao ilikuwa bado inasema ni mchana. Mama hakukumbuka nani alilala wa kwanza.

Alipofumbua macho, upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu.  Akilini aliuona unga wote wa nyumba ile ukiwa umekandwa, aliona mikate juu ya kila kitu, na mume wake akipepesuka ifikapo adhuhuri. Kisha akaona mstari wa jua sakafuni, mpana, umefika hadi kwenye viatu vyake.

Jikoni hakukuwa na unga. Palikuwa na birika la moto na vikombe vinne vilivyopangwa safu, kama saa za ukutani. Mlango wa chumba cha watoto ulikuwa wazi kidogo. Mama alisogea akasimama kwenye ufa, mahali ambapo angesimama ukumbini, pembeni ya pazia.

Mwokaji alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alikuwa amenyoa ndevu. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini, na usoni alikuwa na ile dalili ya mtu aliyekuwa akizunguka-zunguka kwa muda mrefu akingoja wenyeji waamke. Watoto walikuwa wamelala kama magogo, wamejifunika gubigubi, nyayo nne nje.

Alimwona mkewe. "Hawa hulala mpaka saa ngapi?" alinong'ona.

"Kwao bado ni usiku."

"Nimeshakwenda ziwani nikarudi. Bata wapo. Kuna kimashua cha kupiga kasia. Nimekuja kuwatazama mara sijui ngapi, wapi! Wamelala tu." Alisema hayo kwa malalamiko ya kweli, kama mtu aliyeonewa. "Mtu anafanyaje akiwasubiri watu wa namna hii?"

"Muulize Kitinda," alisema mama. "Yeye ana uzoefu."

Mwokaji alifikiri kidogo. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda. Mkono wa mama ulitaka kuinuka wenyewe, kutoa ishara kama kazini: sasa, polepole, kwa kidole kimoja. Akauzuia. Mwokaji alinyoosha kidole kilichozoea kupima ulaini wa mkate, akaliinua kope la mwanawe, akachungulia.

"Kitinda, umo ndani?"

Jicho lilizunguka, likatafuta, likamwona. Likakaa hapo juu yake muda mrefu: uso, shingo, mabega, mtu mzima wima mbele ya dirisha lenye jua.

"Nimo," alisema Kitinda. Kisha, kwa kuwa hakuamini mambo kirahisi asubuhi, alitoa mkono chini ya shuka akaligusa kope la baba yake. "Na wewe?"

"Mimi nimo tangu zamani. Inuka twende, bata wanakusubiri."

Kutoka kitanda cha pili, chini ya shuka, sauti nzito ya usingizi ilidai kuonyeshwa hao bata kwanza.